Klarineti ya "Mood Indigo" iko chini, si juu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani, imeandika kwamba katika wimbo wake "Mood Indigo" klarineti inakwenda juu, tarumbeta katikati na tromboni chini. Hiyo ni desturi ya jazz ya New Orleans, na ndiyo Ellington aliyoipindua mwaka 1930. Tarumbeta ya Arthur Whetsel aliiweka juu, tromboni ya Tricky Sam Nanton akaibana karibu yake, huko juu ambako tromboni hupata taabu, halafu klarineti ya Barney Bigard akaishusha chini kabisa, mbali na wenzake, kwenye noti zake nzito. Ukizipanga kama mlivyoandika, wimbo utatambulika, ila ile rangi yake haipo tena.

Bendi itakayojaribu kuupiga ijihadhari na mambo machache. Tarumbeta na tromboni zote hutiwa kizibo mdomoni. Kizibo hupandisha sauti kidogo, kwa hiyo mpiga tarumbeta avute kidogo bomba la kurekebishia sauti kabla ya kuanza; wa tromboni atajisahihisha kwa mkono wake. Kisha kuna upole wa wimbo wenyewe. Tarumbeta na tromboni zikipulizwa kwa upole huelekea kushuka, klarineti huelekea kupanda, na hapo ndipo sauti tatu huachana. Mazoezi yaanze bila ngoma wala besi, noti moja moja, ndefu, mpaka zishikane. Klarineti ikifunikwa, dawa ni wale wawili kupunguza. Mwenye klarineti akilazimisha nguvu, sauti yake itashuka.

Kuhusu watunzi mmekosea pia, kwani nyimbo hizi si za Ellington peke yake. "Mood Indigo" ina majina matatu: Ellington, Bigard na Irving Mills, aliyekuwa meneja wa Ellington. "Caravan" ilianzia kwa Juan Tizol, mpiga tromboni kutoka Puerto Rico. Na "Take the 'A' Train" ni ya Billy Strayhorn. Mwaka 1941 redio za Marekani zilikuwa na mgogoro wa malipo na ASCAP, chama cha watunzi, na kwa kuwa Ellington alikuwa mwanachama, nyimbo zake hazikuweza kurushwa hewani. Strayhorn hakuwa mwanachama, basi wimbo wake ukawa utambulisho wa bendi.

Majina mnaweza kuyasahihisha kwa mstari mmoja. La klarineti lichoreeni mchoro.

Msomaji wenu,
Morogoro