Risiti moja imetibua notisi: tuanze upya au twende mahakamani hivi hivi?

Ndugu Mshauri,

Swali ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu. Mwenye nyumba ametoa notisi ya kuvunja mkataba kwa sababu ya malimbikizo ya kodi. Muda wa notisi ukaisha. Kisha msimamizi wa jengo akapokea fedha na kuandika risiti ya mwezi uliofuata. Je, notisi ile bado ina nguvu? Na wakili tumkabidhi kazi ipi: notisi mpya tu, au shauri zima?

Tuanze na hesabu. Kodi ya mwezi mmoja tuifanye 100 ili tusomane vizuri. Mkataba ni wa miezi 24, kodi hulipwa tarehe 1 ya kila mwezi, na mwenye nyumba anashikilia amana ya 200. Mpangaji hakulipa mwezi wa 11, wa 12, wa 13 wala wa 14 wa mkataba, kwa hiyo deni la kodi lilifika 400. Tarehe 10 ya mwezi wa 14 ilipelekwa notisi ya siku 14: alipe, la sivyo mkataba ukome. Hakulipa. Tarehe 3 ya mwezi wa 15 zikaingia benki 150, bila neno lolote la maelezo. Msimamizi akaandika risiti: “100 kodi ya mwezi wa 15, 50 sehemu ya deni.” Akampa mpangaji nakala.

Kama angeandika kwamba 150 zote ni za mwezi wa 11 na nusu ya mwezi wa 12, barua hii isingekuwapo. Tunavyoelewa, katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza, mdaiwa ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya kusema fedha zake zinalipa deni lipi. Akinyamaza, anayedai huchagua. Lakini akishachagua na kumjulisha mwenzake, hawezi kugeuza. Na kupokea deni la zamani, lililoiva kabla ya haki ya kuvunja mkataba kupatikana, hakuiui haki hiyo. Kinachoiua ni kupokea kodi iliyoiva baadaye huku unalijua kosa la mpangaji, kwa sababu huwezi kumwambia mtu mkataba umekwisha na papo hapo ukamtoza kodi ya mkataba uleule. Kuongeza maneno “bila kuathiri haki zetu” kwenye risiti pia hatukuoni kuwa kinga; mahakama za Uingereza zimekwisha kuamua kwamba maneno hayo peke yake hayamwokoi mwenye nyumba aliyedai au kupokea kodi mpya.

Hapa tunaona njia panda mbili za tafsiri, na ndipo tunapohitaji jicho lako. Ya kwanza: mkataba haukuwahi kukoma, haki ya kuuvunja kwa deni la miezi ile 4 imeachiliwa, na kilichobaki ni kudai fedha tu. Ya pili, ambayo kwetu ni mbaya zaidi: mkataba ulikoma notisi ilipoisha, na risiti ya mwezi wa 15 imezaa upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi, wenye masharti ambayo hakuna aliyeyaandika. Deni lenyewe, kwa tafsiri yoyote, halifutiki. Wengi huchanganya hapo: kuachilia haki ya kumtoa mpangaji si kumsamehe deni.

Notisi yenyewe nayo, tulipoisoma upya kwa utulivu, ina kasoro zake. Ilidai 460: kodi 400, faini ya kuchelewa 40 na maji 20. Mkataba unayaita maji “gharama nyingine”, si kodi, na kifungu cha faini kinasema faini huanza siku 7 baada ya kumbusho la maandishi. Kumbusho hilo halimo kwenye faili. Kwa hiyo notisi ya kutolipa kodi imedai 60 ambazo ama si kodi, ama hazikuwa zimefika wakati wake. Ilimtaka alipe ifikapo saa 4 asubuhi ya tarehe 24. Siku ya kupokea huwa haihesabiwi kwa kawaida, na ukianza tarehe 11, siku ya 14 ni tarehe 24 mpaka inaisha usiku, si asubuhi yake. Saa chache tu, lakini ni saa ambazo wakili wa upande wa pili atazishika kwa mikono miwili.

Kisha suala la kufikisha. Mkataba unataka notisi ikabidhiwe kwa mpangaji mwenyewe au itumwe kwa posta ya rejista. Aliyesaini kuipokea ni mtu mwingine anayeishi humo, ambaye sasa tunajua analipa chumba kimoja kwa mpangaji wetu bila kibali cha maandishi. Sahihi yake inaharibu ushahidi wa kufikisha, na hapohapo inatupa ushahidi wa kosa jingine la mkataba! Tunajiuliza kama kosa hili la kupangisha tunaweza bado kulitumia, kwa kuwa risiti ya tarehe 3 ilitoka kabla msimamizi hajaiona fomu ile yenye sahihi. Kuachilia haki kunahitaji kujua. Ila je, mahakama itakubali kwamba msimamizi anayepita jengoni kila wiki hakujua?

Mpangaji naye ana lake. Anadai 80 alizotumia kubadilisha bomba lililopasuka, na ana risiti ya fundi na ujumbe wa simu ambao msimamizi alimjibu “sawa, tutaangalia”. Mkataba unasema matengenezo ya mabomba ni ya mwenye nyumba, na kwamba mpangaji asikate kodi bila idhini ya maandishi. Kama ujumbe ule ni idhini au si idhini, hatujui hakimu ataupima vipi. Deni la kodi lililobaki kwenye daftari ni 350. Tukimkubalia linashuka hadi 270. Tunaelekea kumkubalia kabla hatujaenda popote, kwa sababu 80 ni ndogo kuliko gharama ya madai kinzani yatakayofungua mlango wa kukagua kila ufa wa nyumba.

Amana hatutaki kuigusa. Tukiikata sasa kulipia deni tutakuwa tumepunguza malimbikizo kwa mkono wetu wenyewe, na siku ya kukabidhiana funguo hakutakuwa na kitu cha kufidia uharibifu.

Mwenye nyumba, kama kawaida ya wenye nyumba, ameuliza kuhusu kubadilisha kitasa na kukata maji. Tumemkatalia. Katika nchi nyingi kumtoa mkazi bila amri ya mahakama ni kosa, na mpangaji mwenye deni hugeuka kuwa mdai wa fidia kwa siku moja.

Sasa msaada wa kisheria. Tumeonana na mawakili wawili. Mmoja anatoza ada maalumu kwa notisi peke yake: kuiandika, kuifikisha na kutoa hati ya kiapo ya kufikisha. Mwingine anachukua shauri zima kwa ada ya hatua kwa hatua, lakini makubaliano yake yanaishia kwenye hukumu. Ukazaji wa hukumu, yaani maombi ya amri ya kumwondoa mpangaji na malipo ya dalali wa mahakama, haumo. Hilo limetutia shaka, maana hukumu iliyo mfukoni haimtoi mtu ndani ya nyumba. Gharama ambazo mahakama huamuru zirudishwe nazo kwa kawaida hazifikii zote ulizomlipa wakili.

Nyaraka tulizonazo ni mkataba wenye sahihi kila ukurasa, daftari la kodi, taarifa ya benki ya miezi 15, notisi, fomu ya kupokelewa, nakala ya risiti na picha za ujumbe wa simu. Kinachokosekana ni barua ya mwenye nyumba kumpa msimamizi mamlaka ya kutoa notisi. Mpaka sasa mamlaka hayo ni ya mdomo.

Sisi tunaegemea kuanza upya: notisi ya kodi tupu, mwezi kwa mwezi, bila faini wala maji, iliyosainiwa na mwenye nyumba mwenyewe, yenye siku 16 badala ya 14 ili asiwepo wa kubishana na kalenda, ifikishwe kwa mkono na kwa posta ya rejista siku ileile. Kosa la kupangisha liwe na notisi yake. Tunapoteza wiki tatu hivi. Hasara hiyo tunaiona nafuu kuliko shauri kutupwa baada ya miezi kadhaa kwa sababu ya tarehe au jumla isiyo sahihi. Mwenye nyumba anaona tunamchelewesha.

Tunaomba ushauri wako kwa haya. Je, risiti ya tarehe 3 inaweza kusahihishwa kwa barua, au kuigusa kutaonekana kama kughushi baada ya tukio? Je, notisi mpya inaweza kutegemea deni la miezi ileile ya 11 hadi 14 ikiwa haki yake imeachiliwa, au lazima tusubiri mwezi wa 16 usilipwe? Madai ya nyumba na ya fedha tuyaweke katika shauri moja na yule mkazi wa chumba aunganishwe, ili amri isije ikakwama mlangoni kwake? Na kama mpangaji atakubali kuondoka mwisho wa mwezi wa 17 na kulipa 50 kila mwezi, karatasi ya wawili inatosha, au tufungue shauri kwanza ili makubaliano yasajiliwe kuwa hukumu?

Leo ni tarehe 20 ya mwezi wa 15. Kodi nyingine inaiva baada ya siku chache, na akaunti ya benki haina uwezo wa kukataa fedha. Zikiingia tarehe 1, tuzirudishe siku hiyohiyo, au tuzipokee na kumwandikia papo hapo kwamba zimelipa mwezi wa 11? Na ikiwa safari hii yeye mwenyewe ataandika “kodi ya mwezi wa 16” kwenye fomu ya benki, tufanyeje?

Wasimamizi wa nyumba za kupangisha