Mashine bila mchoro msituletee

Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Malindi na leo imebidi niandike, maana nimechoka kusikia ati mashine za maabara vyuoni zinaozea stoo kwa sababu mafundi ni wavivu. Juzi kwenye baraza ya kahawa huku Shela mzee mmoja kaniambia hivohivo, uso kwa uso, ati nyinyi mnalipwa kukaa chini ya feni. Nikamwacha anywe kahawa yake.

Mimi ni fundi wa elektroniki idara ya fizikia, chuo kimoja huku pwani, jina nalihifadhi kwa sababu mshahara bado nauhitaji. Mtu akisikia fizikia anadhani nafundisha, hapana, wanaofundisha ni madaktari na maprofesa, mimi ndo yule anayeitwa dakika kumi kabla ya praktiko, "fundi, pawasaplai haitoi moto", yani kile kisanduku cha kulisha vyombo umeme, naenda mbio na mita mkononi wanafunzi arubaini wamesimama wananitizama. Mara ni fyuzi, mara waya umekatikia ndani ya mpira kwa nje hauonekani, mara mjusi kafiri kaingia kwa matundu ya hewa kakanyaga pasipokanyagika, kafa yeye na transista kaondoka nayo. Na chumvi! Kusi likivuma ile hewa ya bahari inaingia hadi kwenye droo, pini za shaba zinaota kijani, swichi mpya kabisa baada ya miezi inaanza kushikashika. Hizo nazisugua kwa spiriti na mswaki wa meno, silalamiki, marehemu baba alikuwa fundi wa redio na nusu ya wateja wake walikuwa wavuvi kwa hivo chumvi tunajuana nayo toka zamani.

Ninacholalamikia ni kingine. Tuna osiloskopu moja ya zamani, ile mashine ya kioo inayokuchorea umeme unavyopanda na kushuka, umri wake ni mkubwa kuliko wanafunzi wote wanaoitumia. Mwaka jana ikazima. Nikaenda kabatini nikatoa kitabu chake, kimeliwa na mende pembeni lakini kinasomeka, na ndani mna mchoro wote wa saketi, kila rezista na kila transista ina namba, na kila sehemu muhimu wameandika hapa upate volti ngapi na umeme wake uwe na umbo gani. Zamani ndivyo ilivyokuwa, vitabu vya Tektronix na Hewlett-Packard, kampuni za kutengeneza vyombo vya kupimia, vya miaka ya 1970 ukivisoma ni darasa tosha. Basi nikafungua, mkono mmoja mfukoni kama nilivyofunzwa ili nikirushwa umeme usipitie kifuani, maana hizo za kioo cha kizamani zinabaki na volti elfu mbili na zaidi hata plagi umeshachomoa, nikafuata mchoro pole pole, kabla ya adhuhuri nikaipata: kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kuweka akiba ya umeme, imefura kichwa kama hamri. Joto ndo linaziua hizo, mafundi tuna hesabu yetu kwamba joto likizidi digrii 10 umri wake unakuwa nusu, na maabara yetu mwezi wa tatu ni tanuri. Nikanunua nyingine kwa pesa ya chai, nikalehemu, hadi leo inafanya kazi.

Sa linganisha na hii mpya. Imekuja kama msaada kutoka nje, picha zikapigwa, keki ikakatwa (keki sikupata). Hakuna aliyeniuliza kitu. Mgeni mmoja akaichomeka ukutani, nyuma ina kaswichi ka kuchagua volti na kalikuwa kamewekwa kwa 115, sisi huku stima yetu ni 240, ikalia pa! moshi, basi. Hilo lilikuwa kosa la dakika moja na ningelitengeneza, nikafungua. Wallahi Mhariri nilikaa chini. Chipu zote wamezisugua namba kwa msasa usijue ni za aina gani, na sehemu ya pawa wameimwagia gundi nyeusi ngumu kama jiwe. Nikawaandikia waliotengeneza, naomba mchoro tu, wakajibu mchoro ni siri ya kampuni, tuirudishe kwao. Nauli ya kuirudisha ingetosha kuninunulia vifaa vya mwaka mzima. Iko stoo, nimeifunika leso isiingie vumbi, na kila akija mkubwa anauliza "fundi hii bado?"

Na kuna watu watasema kwani Malindi na fizikia wapi na wapi. Ngomeni ni hapo tu, kule kwenye mitambo ya Waitaliano baharini ndo kulirushwa ile satalaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutazama miali ya eksirei angani, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo akaja kupata Nobel ya fizikia 2002. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya gesi vya kuhesabu miali, ni ndugu wa hii neli ya Geiger ya kupimia mionzi ninayowawashia wanafunzi wetu, gesi, waya katikati, volti nyingi. Nikiwaambia hivo wanainuka kwenye viti. Halafu neli ikifa sina ya kubadilisha.

Kwa hivo ombi langu kwa wanaosaini hizo karatasi za kununua na kupokea, kabla ya kalamu muiteni fundi, hata kwa simu. Mwambieni muuzaji atoe mchoro wa saketi na orodha ya vipuri, kwa maandishi, akikataa mwacheni na mashine yake. Na mtuajirie vijana, mimi nimebakisha miaka mitatu nistaafu na hakuna ninayemfunza, yani hata wa kumuonyesha kabati ya vitabu iko wapi sina. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, huyo mzee wa baraza redio yake mwenyewe imo kwangu saa hii.

Mwisho, kama kuna msomaji ana kitabu chochote cha zamani cha osiloskopu au pawasaplai kimekaa tu nyumbani, hata kama kurasa zimechanika, tafadhali akiache hapo ofisini kwenu Mombasa. Nikija mwisho wa mwezi nitakipitia.

Fundi wa maabara,
Shela, Malindi