Bustani zilizoungua zahitaji pia mbegu za maua ya asili

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa mliyochapisha juu ya wakulima wa mboga wanaofufua bustani zao baada ya moto wa nyika. Ilieleza vyema haja ya mabomba, uzio na mbolea, lakini haikugusa maua ya porini, ambayo mkulima wa maboga au matango anayahitaji kuliko anavyodhani, kwa kuwa mazao hayo hutegemea sana nyuki kubeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike.

Nyuki wengi wa porini hutaga ardhini, na baadhi yao hunusurika moto unapopita juu. Wakitoka na kukuta majivu matupu, hawana chakula. Maua ya asili huwalisha, na mizizi yake hushika udongo ambao, baada ya kuungua, mara nyingi hukataa kunyonya maji. Tena mbegu za baadhi ya mimea hiyo huamshwa na moshi wenyewe. Pakiti za mbegu mchanganyiko za dukani, licha ya picha zake za kuvutia, zinaweza kuleta magugu mageni.

Napendekeza vyama vya wakulima vianzishe benki ndogo za mbegu: wanachama ambao mashamba yao hayakuungua wakusanye kiasi kidogo tu kutoka kila mmea, kwa idhini ya mwenye ardhi, wazikaushe, wazihifadhi katika mifuko ya karatasi iliyoandikwa aina na mahali zilikotoka, kisha wawagawie bure waliounguliwa kabla ya mvua za kwanza.

Mkulima wa mboga