Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Insha: turudishieni karatasi za watoto

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUENGULIWA KWA INSHA 14 KATIKA SHINDANO LA "NCHI ZA VISIWA VIDOGO NA DUNIA YA LEO"

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunaipongeza kamati yako kwa kasi. Kumtambua mwandishi halisi wa maandishi ni kazi inayowachukua wataalamu wa vyuo vikuu miezi, pengine miaka, na wapo wanaostaafu hawajakubaliana. Kamati yako imeimaliza kati ya Jumatano na Ijumaa, insha 14, na muhuri juu. Tangazo lenyewe lina mistari mitatu: insha hizo "hazikuandikwa na wanafunzi wenyewe", "lugha inafanana", na "programu ya kompyuta imethibitisha". Basi. Tangu Jumatatu watoto wa kidato cha tatu na cha nne walioenguliwa wanaitwa roboti na wenzao, na mzazi mmoja ameshafika shuleni kuuliza kama binti yake atafukuzwa.

Sisi ni walimu wa Kiswahili na Jiografia wa shule zilizoguswa, mkoani Kigoma. Barua zetu za kawaida mlizipokea, mkazigonga muhuri, kikafuata kimya. Ndiyo maana hii tunaiandika mbele ya watu.

Tuanze na hiyo programu. Insha ziliandikwa kwa kalamu, kwenye karatasi za mistari, na programu yenu haisomi mwandiko wa mkono. Kwa hiyo zilichapwa upya ofisini. Aliyechapa, bila shaka kwa nia njema, alisahihisha: "arikuwa" ikawa "alikuwa", aya ndefu ikakatwa mbili, nukta zikaongezwa palipokosekana. Kisha, kwa kuwa programu haijui Kiswahili, tunavyoelewa sisi (na mtukanushe kama si hivyo) insha zilipitishwa kwanza kwenye programu ya kutafsiri, zikageuzwa Kiingereza, ndipo zikapimwa. Ndugu Mwenyekiti, kilichopimwa hapo ni Kiingereza kilichotungwa na mashine ya kutafsiri. Programu ikajibu kwamba maandishi ni ya mashine. Ilisema kweli! Ni mahali hapo tu tunapoiamini.

Hata bila hiyo tafsiri, vyombo vya aina hii havina sifa mnayovipa. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa chombo chake cha kutambua maandishi ya akili mnemba Januari 2023, ikakiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Katika majaribio yao wenyewe kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vyombo saba insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zikadaiwa kuwa za mashine. Sababu haina uchawi. Vyombo hivi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mtu mwenye msamiati mdogo, anayetunga sentensi fupi zilizonyooka, hutabirika. Sasa mfikirie mwanafunzi tuliyemfundisha sisi kwa mtaala mnaousimamia ninyi: utangulizi, kiini, hitimisho, aya moja, wazo moja. Mwanafunzi mtiifu ndiye mtuhumiwa wa kwanza.

"Lugha inafanana." Ni kweli, inafanana. Karibu insha zote zina "kuongezeka kwa kina cha bahari", "haki ya kizazi kijacho" na "Mkataba wa Falepili". Maneno hayo yote yamo kwenye waraka wa kurasa mbili ambao kamati yako iliugawa shuleni pamoja na mada. Msamiati wa mada huonyesha mada, haumwonyeshi mwandishi. Hilo ni somo la siku ya kwanza katika fani hii ya kumtambua mwandishi. Na waraka wenu una kosa. Unasema kwamba kwa mkataba huo Australia itapokea "familia 280" kutoka Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo vya Pasifiki, kila mwaka. Mkataba ule, uliosainiwa Novemba 2023 na kuanza kutumika Agosti 2024, ni wa watu 280. Tuvalu ina watu wapatao elfu kumi hivi. Kwa familia 280 kila mwaka, isingefika miaka kumi kabla ya visiwa vyote tisa kubaki na minazi.

Wanaochunguza miswada ya kale wana kanuni moja ambayo ingewafaa. Hati mbili zikipatia pamoja, si ajabu, kwa kuwa ukweli ni mmoja. Zikikosea pamoja, kosa lilelile mahali palepale, tafuta zilikonakiliwa. Insha 9 kati ya 14 zimeandika "familia 280". Kosa hilo lina baba, na baba yake ni waraka wenu. Kwa kipimo cha kamati, mwandishi halisi wa insha hizo ni kamati.

Na kwa kuwa hatukuja kutetea kila kitu: zipo insha mbili kutoka shule moja, tulizozipitia kabla hazijawasilishwa, ambazo zote zinasema Nauru ni nchi ya visiwa 12. Nauru ni kisiwa kimoja chenye kilomita za mraba 21. Kosa hilo halimo kwenye waraka. Hapo kuna aliyeangalizia kwa mwenzake, au wote wawili walichota kisima kimoja, na wanapaswa kueleza. Insha hizo mbili hazimo kwenye orodha yenu ya 14. Zimepita, tena kwa alama nzuri.

Fani yenyewe ipo na ina heshima yake. Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha uchunguzi wa makala 85 za kisiasa zilizotolewa Marekani mwaka 1787 na 1788 kwa jina la kubuni la Publius. Makala 12 ziligombaniwa: ni za Alexander Hamilton au za James Madison? Hawakuhangaika na maneno makubwa ya katiba na serikali. Walihesabu vijineno ambavyo mtu huviandika bila kujijua. Hamilton aliandika "upon" takriban mara 3 katika kila maneno 1,000. Madison hakufikisha hata mara 1. Makala zote 12 zikaelekea kwa Madison. Lakini tazama walichokuwa nacho mezani: makala 51 za Hamilton zisizo na ubishi, 14 za Madison pamoja na maandishi yake mengine, na wagombea wawili tu. Ninyi mlikuwa na insha moja ya maneno kama 500 kwa kila mtoto, na hamkumlinganisha na yeyote. Maciej Eder wa Poland, katika utafiti wake wa 2015 kuhusu urefu unaotosha, alikuta kwamba kwa riwaya za Kiingereza sampuli ikishuka chini ya maneno 5,000 hivi majibu huanza kuyumba. Insha ya mtoto ni sehemu ya kumi ya hapo.

Mabingwa nao huteleza. Donald Foster, msomi wa Marekani, alishikilia miaka mingi kwamba shairi moja la maombolezo la mwaka 1612 ni la Shakespeare. Mwaka 2002 akakubali hadharani kuwa ni la John Ford. Huyo alikuwa na hifadhidata, wasaidizi na muda. Hakuwa na Jumatano mpaka Ijumaa.

Kisha Kiswahili kina mitego yake. Ukihesabu vijineno vya lugha yetu kama vilivyo, unapotea, kwa sababu hufuata ngeli: kisiwa cha, visiwa vya, nchi za, bahari ya. Mwanafunzi anayeandika kuhusu visiwa atajaza "cha" na "vya". Muhula uliopita aliandika kuhusu wafugaji, akajaza "wa". Programu itaona waandishi wawili, kumbe ni mtu mmoja na mada mbili. Lazima viunganishi hivyo vyote vikusanywe kuwa hesabu moja kabla ya lolote. Tena nafsi, wakati na ukanushi tumevibandika ndani ya kitenzi: "hawakuyahamisha" ni neno moja. Kwa hiyo ni heri kuhesabu vipande vya herufi tatutatu au nnenne kuliko maneno mazima. Kinachomtofautisha mtu na mtu ni chaguo dogo analolirudia: huyu "kwa sababu", yule "kwani", mwingine "maana", "halafu" au "kisha", "lakini" au "ila", "pia" au "vilevile". Kuchanganya l na r hapa kwetu hakumtambulishi mtu, ni kwa darasa zima. Lakini koma, tahajia na mikato ya aya zilikuwa ushahidi mzuri, na mmeshaufuta wakati wa kuchapa.

Imetufikia pia kauli ya mjumbe mmoja kwamba mtoto wa kidato cha tatu hawezi kujua habari za Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mada mliitoa ninyi. Mlitaka waandike nini, minazi? Na suala hilo la mahakama, la wajibu wa nchi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, lilianzishwa mwaka 2019 na wanafunzi, wa sheria kweli, wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini. Serikali ya Vanuatu ikalibeba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha Machi 2023, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wa The Hague wakatoa maoni yao ya ushauri kwa kauli moja. Watoto wa Kibirizi na Katonga hawahitaji mashine kulielewa hilo. Wameona maji ya Ziwa Tanganyika yakipanda miaka hii na kuingia nyumba za watu. Insha mojawapo kati ya hizo 14 inachukua uamuzi wa Tuvalu wa mwaka 2023, wa kuandika katika katiba kwamba nchi itaendelea kuwapo hata ardhi yake ikipotea, kisha inauliza hati ya kiwanja kilichomezwa na ziwa inabaki kuwa hati ya nini. Nyingine inaweka leseni za jodari, zinazoipa serikali ya Kiribati, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, sehemu kubwa ya mapato yake, kando ya miezi mitatu ya 2024 ambapo ziwa letu lilifungwa na dagaa wakaadimika. Kama hayo ni ya mashine, basi mashine hiyo imelala Kibirizi.

Mkiwa bado na shaka, njia ipo na haina gharama. Mwiteni mtoto, mpeni karatasi yake, dakika 15. Muulizeni maoni ya ushauri yanatofautianaje na hukumu, kwa nini aliianza insha na Komoro, na nini alikikata kwenye aya ya tatu. Kisha mpeni mada jirani, tuseme visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi: Uingereza na Mauritius zilisaini mkataba Mei 2025, visiwa virudi Mauritius, na kimojawapo, Diego Garcia, kikodishwe kwa Uingereza kwa miaka 99. Aandike aya mbili mbele yenu, bila simu. Linganisheni na madaftari yake ya Kiswahili, insha kwa insha, msichukue majibu ya Biolojia. Wekeni na maandishi ya wanafunzi wengine watano au sita wa kidato hichohicho, pamoja na ya mwalimu mnayemshuku, ili kipimo kiwe na wengine ambao kingeweza kuwachagua kimakosa. Na kabla ya hayo yote kijaribuni kipimo chenu kwa maandishi ambayo mwandishi wake mnamjua. Hotuba ya uzinduzi wa shindano itafaa. Kikisema hotuba ni ya mashine, kiacheni.

Kazi hiyo yote inaanzia kwenye karatasi zenyewe, zile za kalamu. Anayetunga hukata neno katikati ya sentensi, hubadili mawazo, huchomeka neno juu ya mstari. Anayenakili hukosea kwa namna nyingine: jicho huruka kutoka neno moja hadi neno kama hilo mstari wa chini, na mstari mzima unapotea bila yeye kujua. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho matupu, haihitaji intaneti wala umeme. Kwenye nakala zilizochapwa haipo kabisa.

Februari, mbele ya wakuu wa shule, mliahidi kwamba kila insha itakayokataliwa itarudi shuleni ikiwa na maelezo ya maandishi. Haijarudi hata moja. Tulitaka kudai mengi: tangazo libanduliwe, kipimo kielezwe, watoto waombwe radhi. Tunayaweka kando yote, kwa sababu majina yanakwenda mkoani Ijumaa ijayo na muda hautoshi. Turudishieni karatasi. Kama zimepotea, semeni zimepotea. Kama zipo, ziko kwenye kabati la ofisi yenu na ufunguo mnao ninyi. Karatasi 14, zilizoandikwa kwa kalamu, jinsi zilivyotoka mikononi mwa watoto.

Jumatano saa tatu asubuhi tutafika wenyewe ofisini kuzichukua, na daftari la kusaini mapokezi tutakuja nalo.

Wenu katika kazi,

Walimu wa Kiswahili na Jiografia,
Kigoma

Nakala: Wakuu wa shule, wazazi wa wanafunzi 14.