Bango la Bruce Lee lisomwe kuanzia chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Bruce Lee kwa upande ambao kurasa za burudani huupita mbio. Kila Julai tunasomeshwa upya habari za kifo chake cha tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, pamoja na uvumi usiokwisha. Kazi yake yenyewe huambulia aya moja. Ilhali mtu anayekusanya mabango ya filamu zake na vifaa vyake lazima aijue kazi hiyo mwaka kwa mwaka, la sivyo atauziwa karatasi ya juzi kwa bei ya karatasi ya 1973.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong na kuigiza filamu huko tangu utotoni, kisha akarudi Marekani mwaka 1959. Wamarekani walimjua kama Kato katika mfululizo wa televisheni wa The Green Hornet, 1966 hadi 1967. Lakini akiwa mtu mzima na steringi mwenye filamu yake, alikamilisha nne tu: The Big Boss (1971), Fist of Fury na The Way of the Dragon (1972), na Enter the Dragon (1973). Game of Death aliiacha njiani. Ile iliyotoka 1978 imejazwa waigizaji wa kuziba pengo, na mapigano yake mwenyewe humo ni kama dakika 11. Hizo dakika ndizo filamu. Mengine ni kiraka.

Wengi huitaja Enter the Dragon kuwa kilele chake. Mimi naiweka mbele The Way of the Dragon, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe. Tazama pambano lake na Chuck Norris ndani ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma. Mwanzoni anapigana kwa mtindo wa kawaida na anachapwa. Kisha anaanza kurukaruka kwa vidole vya miguu, anabadili mwendo, na mpinzani anapoteza shabaha. Akishamuua, anamfunika kwa koti lake na kumwekea mkanda juu. Ni wachache katika filamu za mapigano waliowahi kumpa adui heshima hiyo.

Sasa mabango. Kinachowachanganya wanunuzi kwanza ni majina. The Big Boss ilionyeshwa Marekani kwa jina la Fists of Fury, na Fist of Fury yenyewe ikapewa jina la The Chinese Connection. The Way of the Dragon ikafika huko 1974 kama Return of the Dragon, ikionekana ni mwendelezo wa Enter the Dragon wakati ilitengenezwa kabla yake. Kwa hiyo bango la Marekani lenye mwaka 1974 si lazima liwe la kughushi. Ndio mwaka halisi wa toleo hilo. Halafu kuna Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee, waigizaji waliopachikwa majina hayo baada ya kifo chake ili kuvuta watazamaji. Mabango yao yana wakusanyaji wake, ila yasilipiwe bei ya Bruce Lee. Hesabu herufi za jina kabla ya kufungua pochi.

Ukishamaliza jina, shuka chini kabisa kwenye maandishi madogo. Mabango mengi ya Marekani ya miaka hiyo yalisambazwa na kampuni ya National Screen Service, na yana namba inayoanza na mwaka: 73, alama ya mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Herufi R mbele ya mwaka maana yake filamu ilirudishwa kumbini baadaye, na bei hushuka. Pima kwa futi: bango la ukumbi la Marekani la wakati huo ni inchi 27 kwa 41. Lenye inchi 24 kwa 36 ni la kupamba chumba.

Mabango hayo yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, hivyo mikunjo si kasoro. Hapa ndipo mghushi hujisahau. Hupiga picha bango halisi na kulichapa upya, na mikunjo inatoka pamoja na picha. Pitisha kidole: jicho linaona mkunjo, kidole kinakuta karatasi laini tupu. Chukua pia kioo cha kukuzia. Uchapaji wa zamani una vitone vya wino vilivyopangwa kwa mpangilio maalumu. Printa ya kisasa hutawanya chembe ovyo, na herufi ndogo huwa na kingo zenye ukungu.

Sahihi zinahitaji kalenda tu. Bango la 1974 au 1978 haliwezi kuwa na sahihi ya mtu aliyefariki 1973. Hata la Enter the Dragon ni la kutilia shaka sana, kwani filamu ilianza kuonyeshwa Marekani Agosti, mwezi mmoja baada ya kifo chake. Cha kulinganishia sahihi ni hundi alizosaini, kwa sababu zina tarehe. Mavazi na silaha hulinganishwa na picha za filamu yenyewe: mishipa ya mbao ya nunchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, haijirudii kati ya kipande na kipande. Na fedha zake si mchezo. Suti yake ya njano yenye mistari myeusi ya Game of Death iliuzwa kwenye mnada Hong Kong mwaka 2013 kwa dola za Hong Kong 780,000.

Ukilipata bango halisi, usililamineti na usiweke selotepu. Gundi ya selotepu hupenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Likichanika, fundi hulibandika juu ya karatasi nyembamba isiyo na asidi na turubai kwa gundi ya ngano, ambayo hulainika kwa maji na kubanduka. Mfuko wa kuhifadhia uwe wa poliesta. Plastiki ya PVC hutoa kemikali na kunata kwenye wino. Ukilitundika, liepushe na jua, maana rangi ya njano na nyekundu hutangulia kufifia na Bruce Lee wako akabaki wa bluu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha picha ya bango lake, andikeni chini yake jina la awali la filamu, nchi ya toleo na mwaka wa bango. Mstari mmoja unatosha.

Mkusanyaji wa mabango ya filamu