Foki au matairi? Nijibu kabla ya Alhamisi

Kisauni, Mombasa
Jumapili usiku

Yakhe Mwinyi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotutia adabu. Deni la barua nalijua, tangu Idd, usinianze. Nina shilingi 12,000 mkononi na zinaniwasha, ndiyo nakuandikia kabla sijazitia mahali.

Jana nilipanda Kwale kwa baiskeli na kina Badi. Tulivuka feri alfajiri, Kombani tukakunja kulia, na mlima wa Golini unaujua mwenyewe. Kupanda nilipanda, japo kwa kutweta. Kushuka ndiko kulikoniumbua. Tuliacha lami tukashika njia ya vumbi jekundu. Nakata kona kwenye changarawe, gurudumu la mbele likaenda zake, mimi na baiskeli tukaingia kichakani. Goti limechunika, kiwiko nacho. Badi alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaja kuniinua. Siku yake yaja.

Basi nikarudi nimeshaamua: foki mpya, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, wenye shoku ya kumeza mitikisiko. Hii imeganda, shoku haishuki hata niilalie kwa kifua (na nani aliyekuwa akiikimbiza ufuoni Nyali kila Jumapili bila kuiosha chumvi, kisha akaniuzia?). Mwembe Tayari nimeona moja ya mtumba, yang'aa, 11,000. Nikampa habari fundi Chengo. Hata kichwa hakuinua.

"Shingo ya fremu yako ni ya zamani, inchi moja na moja ya nane juu mpaka chini. Foki hizo zimenenepa chini. Utaivaa wewe?"

Nikanyamaza. Akabonyeza tairi la mbele, akauliza nimejaza upepo kiasi gani. Paundi hamsini, nikamwambia kwa fahari. "Kipara, tena gumu kama dafu. Ulitaka lishike nini?"

Hesabu yake ni hii: matairi mawili ya upana wa inchi 2.2, upepo ushuke karibu na paundi thelathini, pedi za breki, halafu cheni. Cheni tuliipima kwa rula palepale. Pini ya kwanza ukiiweka kwenye sifuri, ya ishirini na tano yapaswa kuangukia inchi 12 kamili. Yangu imelika, imepita kwa moja ya kumi na sita na ushei. Nikiiacha mpaka moja ya nane itakuwa imeshatafuna meno ya gia za nyuma, na hapo nitanunua vyote viwili. Hilo nimelielewa, pesa naijua uchungu wake.

Lakini ile foki, Mwinyi. Chengo asema hii yangu aweza kuifungua, atoe springi, asugue kutu, atie grisi, na itacheza tena kidogo. Kidogo! Nani atakayeiangalia foki iliyotiwa grisi? Tairi jipya nalo, wiki moja tu limeshapakaa matope, hakuna hata mtu wa kukuuliza umelinunua wapi. Najua, najua. Goti limeshanijibu, ila moyo...

Bi Mwanakombo akusalimu, asema kanzu yako bado iko kwake.

Sasa nijibu. Hiyo fremu uliwahi kuitia tairi la 2.2, au litasugua pale nyuma karibu na kranki? Huku maduka yamejaa matairi ya gurudumu la inchi 29, ya 26 kama yangu ni yaleyale membamba ya mjini. Huko Nairobi yapatikana? Ukipata, waweza kunitilia kwenye basi la usiku nikutumie pesa kwa simu? Na foki ulipoinunua wewe, ilikuwa inashuka kweli au ulinidanganya tangu siku ile?

Nijibu kabla ya Alhamisi. Alhamisi nina safari ya mjini, na njia yangu yapita Mwembe Tayari.

Wako,
Salimu