Chungu cha jiko kiuzwe peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie mafundi wa jua kali, wafinyanzi, wenye maduka ya vyombo na maafisa wa Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) kuhusu jambo linalozigharimu familia nyingi za mijini bila sababu. Chungu cha udongo kilichomo ndani ya bati la jiko la makaa kinapopasuka, mwenye jiko huambiwa anunue jiko jipya, ilhali kilichoharibika ni chungu tu na bati lake lingali zima. Hivi majuzi niliambiwa hivyo hivyo na muuza majiko mmoja hapa mjini kwetu. Nilipomwomba aniuzie chungu pekee, alinijibu kwamba vyungu haviuzwi bila bati, nami sikuona haki katika jibu hilo.

Jiko ninalolizungumzia ni lile lenye kiuno chembamba, lenye udongo sehemu ya juu na nafasi ya majivu sehemu ya chini. Lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981 ulikuwa umewaamsha wengi. Wataalamu wetu, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwao, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalioanisha na jiko la bati lililokuwa likifuliwa na mafundi wetu kutokana na mapipa makuukuu. Faida yote ya jiko hili imo katika udongo huo, kwa kuwa ndio unaoshika joto lisipotelee ubavuni, na vipimo vingi vimeonyesha kwamba hupunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 30 au zaidi likilinganishwa na jiko la bati tupu. Tukikumbuka kwamba tanuri za kienyeji huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya makaa, tutaona kuwa chungu kilichovunjika kikiachwa bila kushughulikiwa hasara yake inafika hadi msituni.

Chungu hupasuka kwa sababu zinazojulikana. Ndani yake kuna moto mkali na nje kuna baridi, kwa hiyo upande mmoja hutanuka kuliko mwingine. Bati nalo hutanuka zaidi ya udongo. Mwenye nyumba anayezima makaa kwa kuyamwagia maji huongeza mshtuko ambao hata chungu kilichochomwa vizuri hakiuvumilii kwa muda mrefu. Jiko jipya likiwashwa kwa moto mkubwa siku ya kwanza, unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kuufungua udongo. Hata hivyo si haki mtumiaji alaumiwe peke yake, maana viko vyungu vinavyotoka kwenye joko kabla ya kuiva, na vingine vimefinyangwa kwa udongo usiochekechwa, wenye vijiwe ndani, na vya namna hiyo hupasuka hata katika mikono ya mtu mwangalifu.

Si kila ufa unaodai chungu kipya. Ufa mwembamba unaoshuka ubavuni, wakati bado chungu kimeshikwa imara na bati, haupunguzi sana kazi ya jiko na unaweza kuzibwa nyumbani. Chukua udongo wa mfinyanzi, uchanganye na vigae vilivyosagwa laini, kwa kuwa vigae vilikwisha kuchomwa na hivyo huuzuia mchanganyiko usinywee sana unapokauka. Lowesha ufa, ushindilie mchanganyiko hadi ndani, liache jiko kivulini mpaka likauke kabisa, kisha uwashe moto mdogo kwanza. Saruji tupu, ambayo wengi huikimbilia, haifai, kwa sababu joto la makaa huidhoofisha ikabanduka na kudondoka vipande vipande. Lakini ikiwa kilichovunjika ni ile sakafu yenye matundu inayobeba makaa, usipoteze muda wako kuiziba, kwani makaa yataanguka majivuni yakiwa bado yanawaka, hewa itazuiwa, na bati la chini litaungua. Hapo ndipo chungu kinapaswa kubadilishwa.

Kukibadilisha si kazi ngumu kwa fundi. Hukibomoa cha zamani kwa tindo, hukwangua kutu, kisha hukikalisha kipya juu ya saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto na kuacha nafasi ndogo ya kutanuka. Kinachokwamisha ni vipimo. Mfinyanzi yuko kijijini na kalibu yake, fundi wa bati yuko mjini na kigezo chake alichokirithi kwa mwalimu wake, na wawili hao huenda hawajawahi kuonana. Matokeo yake ni kwamba chungu cha soko moja hakiingii katika bati la soko jingine, au huingia kikacheza, na chungu kinachocheza hupasuka mapema kuliko kile kilichotangulia. Fundi akijua hivyo huona ni heri auze jiko zima kuliko kubeba lawama, na sidhani kwamba nia yake ni mbaya.

Kwa sababu hiyo naiomba KEBS, ambayo tayari ina kiwango cha majiko ya kuni na makaa, iwaite wafinyanzi na wafua bati wakae pamoja wakubaliane kipenyo na kimo cha vyungu vya ukubwa mdogo, wa kati na mkubwa, na kalibu za vipimo hivyo zisambazwe katika vikundi vya wafinyanzi, vingi vikiwa vya akina mama wasio na uwezo wa kuzitengeneza upya kwa gharama zao. Naomba pia kila chungu kipigwe muhuri wa aliyekifinyanga kabla hakijaingia jokoni. Mnunuzi atajua wa kumrudia, na mfinyanzi hodari, ambaye leo kazi yake inachanganywa na ya mzembe katika rundo moja, atapata jina na bei anayostahili. Serikali za kaunti, zinazotoza ada katika masoko haya kila siku, zinaweza kutenga meza moja kwa ajili ya vyungu na ukarabati, na wenye maduka waanze sasa kuweka vyungu pekee kando ya majiko mazima, kila kimoja kikiwa na bei yake iliyoandikwa waziwazi.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Nakuru